TAHADHARI: "Safari ya kuona taa za sikukuu" Mwanza, tumepigwa 450,000

Mwangaluka ndugu zangu. Wenyeji wa Mwanza, na ninyi mnaorudi nyumbani kula sikukuu, someni hii kabla hamjamtumia hela mtu yeyote anayeuza safari ya usiku ya kuangalia taa. Sisi tumelizwa Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 2025, na huyo mtu bado yuko kazini.

Tuko tisa, tulisoma pamoja. Wawili wanaishi Geita, mmoja Bukoba, mmoja Dodoma, waliobaki tuko hapahapa. Kila Desemba tunatafuta siku moja ya kutoka wote. Mwaka juzi tulivuka kwenda Saanane, mwaka jana tukala sato ufukweni. Safari hii mmoja wetu akaleta tangazo kwenye grupu: Coaster kutoka Rock City Mall saa 11:30 jioni, kupita mjini kuangalia mapambo, kwenda daraja la Kigongo–Busisi likiwa limewashwa taa, kisha kurudi Capri Point kupanda boti, kulizunguka jiwe la Bismarck na kusogea hadi kwenye taa za wavuvi wa dagaa. Chakula humohumo. Sh 45,000 kwa mtu.

Aliyeandika tangazo lile anaijua Mwanza, na hilo ndilo linaloniuma. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na wengi wetu hatujawahi kulivuka usiku. Taa za dagaa nazo, aliyekulia hapa hahitaji kuelezwa: usiku wa giza unaangalia ziwani unaona kama kuna mji mwingine umewaka huko. Jamaa akaandika, "Tumechagua giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki." Ni kweli. Mwezi uking'aa, karabai haiwavuti dagaa, na wavuvi wengi hupumzika. Nikasema huyu ni mtu wa ziwa, nikamwamini kwa sentensi hiyo moja.

Akaniunganisha kwenye grupu lake la "abiria". Kila baada ya dakika chache mtu anaandika, "Nimeshalipa kaka, asante", mwingine anaweka picha ya muamala na namba zimefichwa. Nafasi zimebaki kumi, zimebaki saba. Leo nikikumbuka, hakuna hata mmoja mle ndani aliyeuliza kuhusu watoto, choo njiani, au kama kutakuwa na baridi. Watu wa kweli huuliza hayo. Wale walikuwa yeye na wenzake.

Mimi ndiye niliyekusanya michango. Kwanza alitoa lipa namba, halafu akasema inasumbua, nitume kwenye namba ya mhasibu wao. Nilipoingiza namba likatokea jina la mtu ambalo halihusiani kabisa na jina la kampuni aliyojitangazia. Nililiona. Nikaweka namba ya siri. Ndugu zangu, lile jina linaletwa ili tusimame hapo, tusiendelee hadi tujue ni nani.

Jumamosi asubuhi akaja na lingine: bima ya boti, Sh 5,000 kila mmoja, eti TASAC, wale wasimamizi wa usafiri wa majini, hawaruhusu boti kuondoka bila hiyo. Tukatuma. Jumla ikawa 450,000.

Saa 11:30 tuko pale mall, tumebeba masweta, mmoja amekuja na mama yake kutoka Geita aliyetaka kuliona ziwa usiku. Gari liko Buzuruga, kuna foleni. Gari liko Igoma linaweka mafuta. Saa 1 usiku simu imezimwa, na mimi nimeondolewa kwenye grupu. Pembeni yetu kulikuwa na baba mmoja na watoto wawili. Nikamuuliza, "Kaka, na wewe unasubiri Coaster ya taa?" Hakujibu, alinionyesha tu simu yake. Tangazo ni lilelile.

Tukateremka Capri Point kwa hasira. Kijana mmoja akatuambia atatuzungusha kwa mtumbwi wake, Sh 10,000 kila mtu, hapohapo. Hakukuwa na jaketi okozi hata moja. Wawili wetu walikuwa tayari. Mama yule wa Geita akakataa, akasema sisi tuliosikia habari za kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 ziwani humuhumu hatuwezi kupanda mtumbwi usiku namna hiyo. Namshukuru hadi leo. Tukakaa juu ya mawe tukaangalia taa za dagaa kutoka nchi kavu, bure.

Nimeripoti polisi nikapewa RB (namba ya taarifa yangu), na ile namba ya simu nimeituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Fanyeni hivyo hata kama mmeliwa elfu tano tu. Kampuni ikikutajia jina, litafute kwanza BRELA, kwenye usajili wa kampuni, na ukatae kutuma kwenye namba ya mtu binafsi, awe mhasibu, awe nani. Boti uione kwa macho siku moja kabla, ikiwa imefungwa pale gatini.

Jana ameibuka tena kwa jina jingine: mkesha wa Mwaka Mpya, tarehe 31, Sh 50,000. Picha ni ileile. Iangalieni vizuri: nyuma ya boti kuna minazi mingi, na kando kuna ngalawa yenye mabawa ya miti pande zote mbili. Hiyo ni pwani, siyo Ziwa Victoria. Kama umeshamtumia leo, acha kusoma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe kabla hajautoa.