Diploma ya biashara ya jioni hapa Dodoma, nimemaliza sasa naongea

Niliwaahidi wengi kwamba nikimaliza ntaandika, basi hii hapa. Miaka miwili ya diploma ya usimamizi wa biashara, madarasa ya jioni, chuo cha binafsi hapa hapa mjini na jina silitaji maana cheti changu bado kiko kwenye kabati lao na mi sio mjinga. Nawapa nyota 3 kati ya 5. Zote tatu ni za masomo, dirisha la malipo halijapata hata moja.

Mi nilitoka fom siksi na prinsipo moja na sabu moja (yaani somo moja nimefaulu kamili, jingine kwa kiwango cha chini) kwahiyo nikaanzia NTA 5, ngazi ya kwanza ya diploma, moja kwa moja, aliyetoka fom foo anapiga kwanza cheti mwaka mmoja, NTA 4, ndo apande huku. Darasa saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, mchana niko Majengo kwenye fremu ya mama tunauza mafuta ya alizeti.

Sasa nyota zenyewe zilipotokea. Muhula wa kwanza lekchara wa uhasibu, baba mmoja mpole hivi sauti ya chini mpaka waliokaa nyuma wanalalamika, akatufundisha breki iveni, yaani pale mauzo yanapofidia gharama zote ndo faida ianze, akasema kila mtu akaipige kwenye biashara anayoijua. Nikaenda kwa mama na kalkuleta. Dumu la lita 20 tunanunua 90,000, tunapima kwa lita 5,500 inatoka 110,000, kwahiyo kila dumu linaacha 20,000. Mwezi ule tuliuza madumu 14 na mama alivyokuwa anajua ana faida ya 280,000. Haya, toa kodi ya fremu 120,000, toa dada wa kusaidia 100,000, toa umeme na ushuru 20,000, jumla 240,000, yaani madumu 12 ya kwanza yote tunamfanyia kazi mwenye fremu na wenzake, sisi tunaanza kula dumu la kumi na tatu. Faida 40,000. Mama akanyamaza akafunga kanga vizuri akaniuliza, "Na hao wa chuo umewalipa shilingi ngapi waje kuniambia hivyo?"

Milioni 1 na laki 2 kwa mwaka, mama. Sikumjibu.

Ila kuanzia hapo tukaanza kupima na robo kwa 1,500, wanunuzi wa robo ni wengi kuliko wa lita na lita ikienda kwa robo inatoka 6,000, kitu ambacho majirani walikuwa wanafanya siku zote bila diploma, sawa, lakini sisi hatukuwa tunajua kwa nini wanafanya.

Masoko na kanuni za usimamizi ni kukariri tu, unapewa desa la miaka hiyo limefotokopiwa mpaka herufi zimefifia, unalimeza, unalitapika kwenye mtihani. Sheria ya biashara nilidhani itanichosha kumbe tamu, ukishajua mkataba ni nini unaanza kuwaangalia watu wa mkopo wa mafuta kwa jicho lingine. Takwimu ilinipa sapu, yaani mtihani wa kurudia, tusiongee. Kompyuta mashine ni 12 na sisi ni 60 na kitu, wenye laptopu zao ndo walijifunza.

Halafu kuna hili la lugha, lekchara anafundisha kwa Kiswahili vizuri kabisa na utani juu, mtihani unakuja Kiingereza kitupu. Nimeona watu wazima wenye maduka yao Sabasaba wanaojua biashara kumzidi aliyetunga swali, wamekaa wanalitazama tu.

Kwenye malipo ndo walinikera. Ada mlioisoma kwenye bango sio ada mtakayolipa. Kuna kitambulisho, kuna ya mitihani, kuna ya serikali ya wanafunzi, kuna ya fildi (mafunzo ya kazini), na kila moja unaijua siku ya kuchukua namba ya mtihani ukiwa umesimama kwenye foleni na wenzako wameanza kuingia. Na ile fildi niliyoilipia nilipelekwa ofisi moja, wiki nane nimepiga fotokopi na kununua vocha za mabosi.

Na lile neno "ajira ya uhakika" kwenye tangazo lao, darasani kwetu waliopata kazi ya ofisini nawajua wawili, na mmoja alikuwa nayo kabla hajaanza. Kama huna pa kuzifanyia hizo hesabu, hata kibanda cha chipsi cha shangazi, miaka miwili itakuwa ya kukariri tu. Anayetaka kuendelea digrii akomae apate GPA, wastani wa alama zote, 3.0 kwenda juu, mi nimetoka na 3.4 pamoja na hiyo sapu.

Mnaoenda kuchukua fomu, ombeni orodha ya malipo yote kwenye karatasi yenye muhuri, na mkaangalie NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, kama kozi yenyewe imesajiliwa, sio chuo tu, hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wameshalia.

Mwenye swali aulize, ntajibu usiku. Sahivi niko fremu, leo tarehe 22 na tuko dumu la kumi na tano, mama ananihesabia kwa vidole kutoka kule nje.