Mkeka wa sponji wa milimita 10: raha ya magoti, adhabu ya viganja

Kwa anayeanza yoga nyumbani Kigoma, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mkeka huu mnene una raha yake: ukipiga magoti hayaumi. Shida inaanza kwenye mkao wa mbwa aliyeinama.

Anza kwa mikono na magoti, viganja upana wa mabega, vidole vimetawanywa. Kunja vidole vya miguu, nyanyua makalio juu na nyuma, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kaa pumzi 5, kisha shusha magoti taratibu. Wengi hulazimisha visigino viguse chini; mgongo unapinda kama upinde na uzito wote unaangukia vifundo vya mikono. Sukuma sakafu kwa mashina ya vidole, hasa gumba na shahada.

Hapo ndipo milimita 10 zinapokuangusha. Sponji inabonyea, kitako cha kiganja kinazama, kifundo kinazidi kupinda. Mkeka wa milimita 4 hadi 6, wenye uso unaokwaruza, unashika vizuri zaidi. Magoti yakilalamika, kunja kitenge uweke chini yake. Mkeka wa plastiki wa kulalia usithubutu: jasho likitoka, na joto la huku ziwani mnalijua, unateleza kama samaki mgebuka mbichi.

Mwenye presha isiyodhibitiwa au glaukoma (ugonjwa wa macho) amwone daktari kabla ya kuinamisha kichwa.

Osha mkeka kwa sabuni kidogo, anika kivulini. Juani sponji hukauka na kuanza kumeguka.