Warcross: riwaya ya bosi wa gemu, imesomwa na mwenye banda la gemu

Nilikinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mtumba kando ya barabara. Muuzaji alitaka shilingi 10,000. Nikamfungulia kurasa zilizomwagikiwa chai, tukaelewana 7,000. Jalada lilikuwa na rangi zote za upinde wa mvua, jina Warcross, na chini jina la mwandishi, Marie Lu. "Chukua dada, hiki cha magemu," akaniambia. Hakujua anamwambia nani.

Nina banda la gemu Tandika. TV nne, mashine nne, pedi nane ambazo tatu vijiti vyake vimelegea hadi mchezaji anajikimbilia mwenyewe kwenye kona. Mechi ni 500. Madogo wananiita Anti, na wale wa usiku wanaotoka kazini wananiita Anti vilevile, hata wenye ndevu. Kwa hiyo msitegemee uhakiki wa chuo kikuu. Nimekisoma kwenye stuli mlangoni, nikiinua macho kila baada ya dakika kumi kusema "muda!"

Hadithi iko hivi. Kuna kijana wa Kijapani, Hideo Tanaka, ambaye akiwa na miaka 13 alitengeneza miwani inayoitwa NeuroLink. Ukiivaa haikuwekei picha mbele ya macho kama TV. Inaushawishi ubongo wako wenyewe uzitengeneze hizo picha, ndiyo maana huwezi kuzitofautisha na kweli. Juu ya miwani hiyo akajenga gemu, ndilo hilo Warcross, na dunia ikahamia humo. Tunapokutana naye ana miaka 21, ana kampuni yake Henka Games kule Tokyo, na mashindano ya dunia ya gemu lake yanatazamwa kama fainali ya Kombe la Dunia.

Kwetu neno mjasiriamali limechakaa. Muuza maandazi mjasiriamali, muuza mkaa mjasiriamali, na mimi ninacho kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile cha 20,000 cha enzi za Magufuli, kipo kwenye droo pamoja na karatasi za umeme wa LUKU. Nilipofika mahali Hideo anaelezewa, ndege yake binafsi na walinzi wake, nilicheka peke yangu mpaka dogo mmoja akasimamisha mechi kuniuliza kulikoni. Nikamwambia nimekutana na mfanyabiashara mwenzangu.

Lakini anayesimulia si Hideo. Ni Emika Chen, msichana wa miaka 18 wa New York, nywele amezipaka rangi zote, anazunguka mjini kwa ubao wa magurudumu unaotumia umeme. Kazi yake ni kuwasaka watu wanaobeti kinyume cha sheria kwenye Warcross na kuwapeleka polisi apate zawadi. Sura ya kwanza anamkimbiza mmoja kwenye baridi, anamdondosha, na bado pesa inakwenda kwa msakaji mwingine. Akirudi nyumbani anadaiwa kodi dola 3,450 na mwenye nyumba anataka kumtoa.

Hapa ndipo kitabu kilinikamata. Marie Lu anaijua hali ya kudaiwa. Emika anahesabu senti kichwani kila anapotaka kula, anampita mwenye nyumba kwa kunyata, na bado ana kile kiburi cha mtu anayejua kwamba ana kipaji ila hakuna anayekilipa. Mimi kila baada ya miezi sita natakiwa niwe na kodi ya fremu mkononi, yote kwa mkupuo, na mwezi wa tano huwa silali vizuri. Kurasa zile sikuzisoma kama habari za Marekani.

Na deni lenyewe lina historia. Baba yake Emika alikuwa mbunifu wa mavazi, mtu mpole, mwenye upendo, na mcheza kamari. Alikufa akamwachia mwanae madeni. Mwandishi hamtukani huyu baba. Anamwonyesha akiwa na matumaini yake, kila mara akiamini kwamba safari hii itajipa. Nilimfikiria mteja wangu mmoja, fundi rangi, anayekuja jioni na mkeka wa kubeti umekunjwa kwenye mfuko wa shati, timu kumi na mbili, kila siku imebaki moja tu imchane. Namsikia akiongea kwenye simu na mwanae kwa sauti ileile ya huyu baba. Kamari ndani ya kitabu hiki si pambo. Emika anawinda watu wa aina ya baba yake ili alipe deni la baba yake, na mwandishi ameliacha jambo hilo likae pale bila kulipigia kelele.

Kuna kitu kilinichekesha baadaye. Kitabu kilitoka Septemba 2017. Februari 2024 Apple wakaanza kuuza miwani yao ya Vision Pro kule Marekani kwa dola 3,499. Yaani deni lote linalotaka kumtoa Emika chumbani lisingemnunulia miwani hiyo, angepungukiwa dola 49. Kwenye riwaya kila mtu anayo NeuroLink, kuanzia mwenye ghorofa mpaka mdaiwa wa kodi. Kama tunataka kubishana na mwandishi kuhusu utabiri wake, tuanzie hapo. Jina lenyewe msilichanganye na Neuralink ya Elon Musk, ile ya kuweka kifaa ndani ya fuvu. Yanafanana, ila hii ya kitabu inavaliwa na kuvuliwa.

Turudi. Emika anaamua kudukua sherehe ya ufunguzi ya mashindano aibe kitu kimoja cha thamani humo ndani ya gemu, akauze. Mambo yanaharibika, anajikuta katikati ya uwanja na dunia nzima inamwona. Badala ya polisi, anapigiwa simu na Hideo. Anapandishwa ndege hadi Tokyo, anapewa kazi ya siri: kuna mdukuzi anayejiita Zero anayechezea mfumo, amkamate, malipo dola milioni 10. Ili awe karibu, anaingizwa kwenye mashindano kama mchezaji mgeni, na timu ya Phoenix Riders inamchukua wa kwanza kabisa.

Tokyo ya kitabu hiki inapendeza. Marie Lu alifanya kazi kwenye magemu kama msanii kabla hajaishi kwa kuandika, na inaonekana: anachora. Ukivaa miwani, majengo yanafunikwa na rangi na viumbe vinavyoelea, kila mtu ana jina na daraja lake juu ya kichwa, na unakusanya pointi hata kwa mambo ya kawaida ya siku. Mtu akizungumza lugha usiyoijua maneno yake yanatafsiriwa palepale. Nikajiuliza Kiswahili cha madogo wangu kingetafsiriwaje. "Umekula za uso" ingemtokea Mjapani kama nini?

Sasa gemu lenyewe. Timu mbili, watu watano kila upande, kila mtu na nafasi yake: nahodha, mpiganaji, mwizi, ngao, na msanifu, ambaye ndiye Emika, anayejenga na kubomoa uwanja. Kila nahodha ana kito kinachoelea juu ya kichwa, na anayekinyakua cha mwenzake ameshinda. Kanuni nzuri, dogo wa darasa la tano ataielewa. Tatizo ni namna mechi zinavyochezwa. Kila timu ya Emika inapobanwa, kunatokea kifaa cha nguvu, au daraja linaanguka, au anakumbuka ujanja ambao hatukuwahi kuambiwa kwamba anaujua. Mimi naangalia watu wakicheza saa kumi kwa siku. Mechi inauma pale unapojua kabisa mtu ana nini na hana nini, umeme unaweza kukatika, pedi yake mbovu, na bado anatafuta upenyo. Humu mapambano yana rangi nyingi na wasiwasi kidogo. Udukuzi nao ni hivyohivyo: Emika anabonyeza, milango inafunguka. Dogo mmoja hapa alikaa wiki nzima kuifungua simu ya bibi yake iliyosahauliwa namba ya siri. Wiki nzima! Ningependa kuona Emika akishindwa namna hiyo hata mara moja.

Wenzake kwenye timu ni watu wazuri ambao hatukai nao vya kutosha. Nahodha Asher anatumia kiti cha magurudumu, na mwandishi amefanya jambo la maana: hamwonei huruma. Asher ni nahodha, ana mdomo, anataka ushindi, basi. Hammie na Roshan nao wanapendeza, lakini ukiniuliza mwezi mmoja baada ya kusoma wanataka nini maishani, nitababaika.

Mapenzi. Lazima niyaseme kwa kuwa yamekula sehemu kubwa ya katikati ya kitabu. Hideo bosi, kijana, tajiri, mtanashati, ana huzuni ya siri. Emika mfanyakazi wake, hana kwao, anadaiwa. Mnajua kitakachotokea, nami nilijua ukurasa ule aliomtazama mara ya kwanza. Wasichana wa kidato cha tatu watapenda sana. Mimi nilikuwa nasoma huku nikisema, "Mwanangu, huyo ndiye anayekulipa mshahara, tulia." Kuna mahali wakiwa pamoja, simulizi la Zero linasinzia kabisa, na nikaanza kufungua kurasa mbilimbili.

Anayetaka kukisoma bila kujua mwisho aruke aya tatu zinazofuata, azungukie kule nilikoandika habari za Kiingereza chake.

Kilichonifanya nikae kuandika haya yote ni kurasa za mwisho. Hideo alimpoteza mdogo wake wakiwa watoto. Mtoto alitoweka bustanini, hakuonekana tena, na nyumba yao haikupona. Kila alichokijenga tangu hapo kinatoka kwenye siku ile. Na mwishoni Emika anagundua kwamba lenzi mpya za NeuroLink, zile za kuweka kwenye jicho, zinaweza kufanya zaidi ya kuonyesha picha. Zinamsoma mtu anayetaka kumdhuru mwenzake, na zinamzuia. Mkono haunyanyuki. Hideo haoni ubaya wowote. Kwa hesabu zake, kama kitu hicho kingekuwepo zamani, mdogo wake angekuwa hai nyumbani.

Mwandishi angeweza kutuletea tajiri mwenye tamaa, tukamchukia tukalala. Ametuletea mtu anayelia. Nami nilimwelewa kupita kiasi, maana mwaka juzi niliibiwa pedi mbili, nikafunga kamera juu ya kona ya mlango. Wizi uliisha. Lakini na kelele ziliisha. Madogo walikuwa wakifungwa wanaruka juu ya mabenchi, wanatupiana maneno, mmoja anaimba. Baada ya kamera wakawa wanakaa kama wapo zahanati. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Anti, hiyo inasikia na sauti?" Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Miezi mitatu mapato yalishuka, nikaing'oa, na baada ya muda nikaibiwa pedi nyingine. Sasa zinafungwa kwa mnyororo wa baiskeli.

Kwa hiyo nilipomsikia Hideo akijitetea, sikuweza kusema huyu kichaa. Nilitaka abanwe zaidi. Emika anamkatalia, lakini hoja zake ni chache na za haraka, kama mwandishi ameona kurasa zinaisha na kitabu cha pili kinasubiri. Swali kama lile lilistahili chakula cha jioni kirefu, watu wawili wanaopendana wakibishana mpaka chai inapoa. Zile kurasa za busu zingekatwa nusu, nafasi ingepatikana. Zero ni nani sisemi. Nilimkisia kabla ya muda, lakini nilipoambiwa niliweka kitabu chini nikaenda kununua maji.

Kiingereza chake ni chepesi. Sentensi fupi, wakati uliopo, maneno machache ya kutafutia kamusi, na mengi ni ya vifaa ambavyo hata Mwingereza havijui kwa sababu vimebuniwa. Mtu wa kidato cha nne anayeangalia filamu bila kutafsiriwa atakimaliza kwa wiki mbili, na kina kurasa 350 na ushei. Wazazi waoga: hakuna uchafu, kuna busu na damu kidogo. Kama unataka riwaya ya kisayansi itakayokueleza kinachoendelea ndani ya mashine, hiki kitakuacha na njaa. Kama unataka kujua inakuwaje kijana mmoja akashika kitu ambacho watu wote wanakivaa usoni, na kwa nini wanamwamini, chukua. Kwa 7,000 sijalia. Kwa bei ya duka la vitabu ningefikiria mara mbili na kuazima kwa mtu.

Cha pili kinaitwa Wildcard, kilitoka 2018. Nimekitafuta Posta mara mbili, yule jamaa kila mara ananiambia Jumamosi. Warcross kipo bandani, kwenye rafu ya juu karibu na pedi mbovu, na kinasomewa palepale, bure, hata kama huchezi. Hakitoki. Kilipotoka mara ya kwanza kilirudi baada ya wiki tano bila jalada, na kurasa za mwisho zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu na mtu ambaye mpaka leo hajakiri.