Kitabu cha mtumba cha Churchill, Kanada: waongoza watalii msikikose

Wadau wa Arusha, kile kibanda cha vitabu vya mtumba karibu na Soko Kuu kimeshusha mzigo mpya, mimi nimebeba kitabu kikubwa cha picha kuhusu Churchill, kamji ka kaskazini mwa Kanada kwenye Ghuba ya Hudson, na kwa bei ile ni bure kabisa. Watu pale hawafiki 1,000, barabara ya kutoka miji mingine hakuna, ni ndege au treni toka Winnipeg kama siku mbili hivi. Mafuriko ya 2017 yalikata reli wakakaa bila treni mpaka mwishoni mwa 2018, hebu fikiria bei za vyakula!

Ila utamu uko kwa dubu weupe. Oktoba na Novemba wanajikusanya pwani kusubiri bahari igande wakawinde sili (wale wanyama wa baharini) juu ya barafu, sasa wengine wanapita mjini, kwa hiyo wenyeji wengi hawalock milango ya magari ili yeyote akikutana na dubu aingie fasta. Dubu msumbufu anawekwa mahabusu, msosi hapewi asije akazoea, halafu anarudishwa porini. Sisi tunaoingiliwa na tembo mashambani tuna cha kujifunza jamani. Kuna picha dubu kasimama kwa miguu ya nyuma anachungulia dirisha la gari la watalii, matairi makubwa kuliko ya trekta, pua imeacha ukungu kwenye kioo!

Historia wameibania, ngome ya mawe iliyoanza kujengwa 1731 enzi za biashara ya manyoya imepata picha moja tu. Jalada limechakaa ila kurasa zote zipo, na muuzaji anakuacha upekue mpaka uridhike.