Fundi wa Ilala na baiskeli yangu ya safari

Jamani baiskeli yangu ile fremu inafunguka vipande viwili ilianza kulia kwe kwe napanda Pugu kwenda Kisarawe, nikajua basi chuma kimepasuka. Nikampelekea fundi mmoja Ilala. Hakugusa nyundo (ndo nilikua naogopa), kafungua zile nati za maungio, pale fremu inapoachana, kumbe mchanga umejaa kwenye thredi na grisi imekauka nyeusi tii, akasugua na mswaki na mafuta ya taa, akafuta mpaka pakavu, akapaka grisi mpya hadi kwenye meno ya hayo maungio afu akakaza na spana yangu maana yeye spana ya nati hizo hana, akasema nikaze tena nikishaiendesha kidogo. Kelele kwisha kabisa. Ila anachelewesha huyo, kaniambia saa nne nimetoka saa tisa!