Oili Kula Kwenye Datsun 240Z: Nimechemsha Themostati Kwenye Sufuria

Haya jamani, karibuni tena. Msishtuke mkiniona na oili mpaka viwikoni. Nimetoka chini ya gari sasa hivi, na nikienda kuoga kwanza nitasahau nusu ya niliyotaka kuwaambia. Tumefunga oili kula! Ile niliyowaahidi tangu Ramadhani, na kuna watu humu wamekuwa wakinikumbusha kila video kama wananidai.

Nilipompigia mzee wangu fundi nikamwambia, "Mzee, nataka kufunga oili kula," alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwani gari limeanza kula oili?" Nikamwambia hapana mzee, hii kula ya kupoza. Akasema, "Basi sema kipoozeo, mwanangu, usinitie presha asubuhi yote hii."

Gari mnalijua. 240Z, usukani wa kulia, silinda 6 foleni moja, kabureta 2. Nguvu za farasi na mengineyo siyarudii, video ya kwanza ipo. Kwa mgeni wa leo tu: aina hii ya gari ndiyo iliyochukua Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudi 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Na hiyo ya 1973, Mehta alilingana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun, 1800 SSS. Datsun kwa Datsun! Basi yule aliyeniandikia kwamba nimenunua gari la maonyesho, naomba akae chini.

Sasa, kwa nini oili kula? Mazeras. Ukitoka Mombasa na jua la saa saba, umefika pale barabara inapoanza kupanda, mbele yako malori, nyuma yako malori. Geji yangu ya moto wa oili ilikuwa inagonga nyuzi 128. Maji yako sawa kabisa, sindano ya rejeta imelala usingizi, lakini oili inaungua. Na oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji ya mchele, presha inashuka, na beringi za kranki hazina kingine kinachoziokoa ila ule utando wa oili. Nilikuwa nikifika juu naangalia geji ya presha kuliko ninavyoangalia barabara.

Kifurushi chenyewe hiki hapa. Kipoozeo, safu 13, kinakaa mbele ya rejeta nyuma ya grili. Mipira 2 ya kupitisha oili. Braketi. Sawa. Hayo ni mabati, hayanisisimui. Ninachotaka muone ni hiki. Sogea, sogeza kamera. Hiki.

Hili bamba linakaa kati ya injini na filta ya oili. Unafungua filta, unaweka bamba, unarudisha filta juu yake. Oili ikitoka injini inapita hapa, na hapa ndipo inapoamuliwa: iende mbele ikapozwe, au irudi moja kwa moja kazini? Anayeamua ni huyu mdogo hapa katikati, themostati. Kifuko cha shaba, ndani kuna nta. Nta ikipata moto inatanuka, inasukuma kijiti, njia ya kwenda mbele inafunguka.

Mimi siamini maandishi ya kwenye boksi, kwa hiyo nimechukua sufuria ya shemeji yenu. Hajui. Maji, jiko la gesi, kipimajoto, na themostati nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini, maana chini ya sufuria ni moto kuliko maji yenyewe na itatudanganya. Haya, sasa hivi maji yako 60. Kijiti kimelala. 70... bado. Angalieni hapa kidole changu kilipo. 75, bado. 78, mmeona? Mmeona? Kimetikisika! Rudisha nyuma mtazame tena. 80, kinatoka. 84, 85, kimetoka chote, kama ukucha wangu wa kidole gumba hivi. Sasa nazima gesi. Kinarudi polepole, hakina haraka. Nimefanya hivi mara 4 leo na kila mara ni pale pale kwenye 78, 79. Jamani, kitu hakina waya, hakina betri, hakina kompyuta. Nta tu!

Na umuhimu wake ni huu. Watu wengi wanafunga kipoozeo bila themostati, oili inapozwa saa zote, hata gari linapotoka kulala. Oili iliyo baridi ni ubaya vile vile. Injini inapowaka hutengeneza unyevu, na unyevu huo unataka oili ifike karibu 100 ndio uondoke. Isipofika, siku moja unafungua kifuniko cha oili unakuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, unaanza kulaumu gasketi ya hedi, kumbe umelipoza gari lako likapata mafua. Walio Limuru mwezi wa saba wananielewa. Jambo lingine: hata likiwa limefunga, hili bamba huachia oili kidogo ipite mbele, ili mipira isikae mikavu na injini isije ikameza hewa yote kwa mpigo.

Sasa nianze kulalamika. Maelekezo yamechorwa kwa usukani wa kushoto. Kwenye injini hii filta iko upande wa kulia, na kwetu usukani nao uko kulia. Yaani mpira wa juu, ukiufuata mchoro, unapita unabusu shafti ya usukani. Nilifuata mchoro. Siku 2 tu, tazameni, hapa mpira umeshachubuka, uzi unaonekana. Huu una oili ya moto ndani yake, na una presha! Ikabidi nizungushe tundu za bamba zielekee chini kidogo, nipitishe mipira kwa mbele, na nifunge vishikio 2 vya raba. Ukifunga, geuza usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, halafu mtu atikise injini, ndipo uamini.

La pili ni kosa langu, nalisema mwenyewe kabla mzee hajalisema kwenye maoni. Nilipotoa filta ya zamani, raba yake ilibaki imenata kwenye injini. Nyeusi juu ya nyeusi, sikuiona. Nikaweka bamba juu yake, raba 2. Kuwasha tu, sakafu yote ya gereji, viatu vyangu, paka. Paka alipata yake. Kwa hiyo pitisha kidole, usitegemee macho.

Na msiwashe injini hivi hivi. Ongeza oili, kwangu imekunywa karibu robo tatu ya lita, chomoa waya wa koili, piga stata mpaka geji ya presha iinuke. Hapo ndipo urudishe waya.

Matokeo: Mazeras ile ile, saa ile ile, 106. Sindano ya maji imepanda kidogo, kwa kuwa rejeta sasa inapata upepo uliokwisha pita kwingine. Ila nikwame nyuma ya lori, mwendo wa bibi harusi, oili inapanda hadi 115, kwa sababu kipoozeo bila upepo ni pambo. Mwanzoni nilitaka kusema kila mtu anunue. Nikifikiria vizuri, kama gari lako linatoka Nyali kwenda Town na kurudi, okoa hela yako.

Hela? Kwangu imefika shilingi 38,000 pamoja na ushuru na nauli ya posta. Mocal wa Uingereza na Setrab wa Uswidi ndio majina makubwa, ukinunua kipande kimoja kimoja kwao utapanda zaidi ya hapo. Na wale wanaoniandikia nichukue kipoozeo cha giaboksi otomatiki kutoka Kirinyaga Road, kule kwenye maduka ya spea Nairobi: hapana. Njia zake ni nyembamba, na hakikutengenezwa kwa presha ya oili ya injini. Nafuu leo, injini kesho.

Wiki ijayo ni Peugeot 504, msiniulize tena, mwenyewe amekubali. Na tumebakisha watu 200 tufike 10,000, kwa hiyo gonga hiyo kengele, na... subiri. Subiri kidogo. Hilo tone hapo chini ni la nini? Lete tochi. Yawezekana ni maji ya AC.

Gari hili halina AC. Zima kamera.