Mkoba wa Kukunjia Jezi za Mwamuzi: Uzoefu Wangu wa Misimu Miwili

Nimechezesha soka kama mwamuzi wa kati kwa miaka 11, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilisafiri na jezi zangu zikiwa zimekunjwa tu na kushindiliwa katika begi la mgongoni pamoja na viatu vya njumu na chupa ya maji. Kilichonifanya nitafute chombo cha maana ni siku moja ambayo hadi leo inaniudhi nikiikumbuka. Nilifika katika nyumba ya wageni usiku wa kuamkia mechi, nikaikuta jezi imejifinyanga kama karatasi ya kutupwa, nikaazima pasi mapokezi na kuipitisha kifuani bila kuijaribu kwanza upande wa ndani. Jezi zetu hushonwa kwa poliesta, na lebo ya ile yangu ilikuwa na alama ya pasi yenye kitone kimoja, yaani joto lisilozidi nyuzi 110 za Selsiasi, ilhali pasi ile ilikuwa imewekwa kwenye joto la pamba, ambalo hufika nyuzi 200. Nilipoiinua, ncha yake ilikuwa imeacha alama inayong'aa juu kidogo ya mfuko wa kadi, na alama hiyo haikutoka tena, kwa sababu nyuzi za kitambaa zenyewe zilikuwa zimelainika na kulala. Nilichezesha dakika 90 huku kila mchezaji aliyenijia kulalamika akianza kwa kunitazama kifuani.

Mkoba nilionunua baada ya hapo ni bapa, una zipu pande tatu, na ndani yake mna ubao mwembamba wa plastiki na mabawa manne ya kitambaa. Jezi hulazwa kifudifudi, ubao ukawekwa mgongoni chini kidogo ya kola, mikono ikakunjiwa juu ya ubao, kisha pindo la chini likapandishwa hadi likutane na mabega. Ubao huchomolewa taratibu, jezi ya pili ikakunjwa vivyo hivyo na kulazwa juu ya ile ya kwanza huku kola yake ikielekea upande wa pili, ili rundo lisiwe na kichwa kinene na mkia mwembamba. Mabawa hufungwa juu ya rundo zima kama bahasha. Mara ya kwanza kazi hiyo ilinichukua karibu nusu saa. Siku hizi naimaliza huku nikizungumza na simu.

Mwamuzi hawezi kusafiri na jezi moja. Sheria ya 4 ya mchezo inataka rangi za timu zitofautiane, na pia zitofautiane na rangi ya waamuzi, kwa hiyo mimi hubeba jezi nyeusi, ya njano na nyekundu, kwa kuwa si mara zote timu hufika na rangi zilizotajwa kabla ya safari. Jezi mbili kati ya hizo hurudi nyumbani bila kuvaliwa, na hapo ndipo mkoba huu ulipojionyesha thamani yake: baada ya safari ya saa sita kwa basi, jezi zote tatu zilitoka zikiwa na mstari mmoja tu wa kulala katikati, ambao hupotea mwili ukishapata joto. Zamani niliamini kwamba adui wa jezi ni kukunjwa. Sasa nadhani adui ni kuteleza, kwa maana jezi iliyokunjwa vizuri ikiachwa huru ndani ya begi hushuka hadi chini, ikakaliwa na viatu, na mikunjo inayopatikana hapo haina mpangilio wowote.

Kabla ya mkoba huu niliwahi kutumia kwa msimu mmoja ule mfuko mrefu wa kutundikia nguo. Kwa mwenye gari lake binafsi unafaa kuliko huu, nakiri. Ndani ya basi, hata hivyo, hakuna pa kuutundika, na ukiulaza rafuni abiria wenzako wataupandishia mizigo yao bila kukuuliza. Bukta na soksi hazihitaji haya yote, mimi huziviringisha.

Kasoro zipo. Mabawa hufungwa kwa velkro, na upande wake wenye meno hukwaruza poliesta bila huruma: ilitosha kugusa kola mara moja ikavuta uzi ambao nililazimika kuurudisha ndani kwa sindano. Tangu hapo hufunika meno hayo kwa kipande cha kitambaa, na beji yangu, ambayo nayo hushikwa kwa velkro, huiacha mahali pake juu ya mfuko badala ya kuitupa ovyo mkobani. Aidha, lebo inadai kwamba mkoba unabeba hadi jezi saba. Mimi nikizidisha nne mabawa hayafikiani, na nikiyalazimisha shinikizo hugeuza mistari ya kukunja kuwa makali kama ya suruali ya sherehe. Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba hauna hata tundu moja la kupitisha hewa. Jioni moja, kwa uchovu, niliirudisha humo jezi iliyoloa jasho, na nilipoifungua kesho yake mchana ilikuwa inanuka, na yale madoa madogo meusi ya koga yalianza kuonekana kwenye mstari mweupe wa kola wiki hiyohiyo. Siku hizi nabeba mfuko wa wavu kwa ajili ya nguo zilizotumika, jambo ambalo mtengenezaji angeweza kulifikiria mwenyewe.

Kona moja ya ubao imepasuka mwaka huu, nami nimeizungushia utepe ule mweupe ninaofungia soksi, nikahakikisha ukingo wake haukwaruzi. Mechi ya Jumamosi tunakwenda nao hivyohivyo.